Ukanda Asioulima Katekista

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, simu iliyokuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari iliita, na Katekista akavaa kwanza koti lake la suti kabla ya kuniruhusu kuipokea. Kule kilimani, Burundi, ilikuwa alasiri ya kiangazi. Watu wa ofisi ya ardhi ya tarafa walikuwa wamesimama mgongoni mwa kilima na kamba yao ya kupimia. Sisi tulijaa sebuleni kwake, Vickery Meadow, Dallas, wengine wamekalia mikono ya sofa. Walikuwa wanamhitaji yeye tu. Katika wote waliouona mpaka ule kabla ya watu kukimbia machafuko, alikuwa amebaki peke yake.

Nitairudia asubuhi hiyo. Kwanza niseme alikuwa mtu wa namna gani. Bila hivyo aibu yake itaonekana kama ugomvi wa shamba, na ugomvi wa shamba sisi tumeuzoea.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Katika kambi ya magharibi mwa Tanzania, ambako alifundisha watoto wengi sala na kusoma, mimi nikiwa mmoja wao, alikuwa Katekista. Dallas alifua na kukunja mashuka ya hoteli mpaka alipozeeka, na wanawake wa Honduras waliokunja pamoja naye walimwita Katekista wakidhani ni jina la ukoo. Alilifurahia kosa hilo, hakulisahihisha.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana kuliko mwili wake. Aliogopa mbwa wote, hata wale wadogo wanaobebwa. Akishindwa karata alinuna mpaka chakula kipoe. Hakuvumilia wimbo wa kanisani ukiburutwa. Aligeuka katikati ya ibada, akawatazama waimbaji, akapiga vidole juu ya benchi mpaka mwendo ukamridhisha. Alikuwa bahili wa sukari, lakini hakuwahi kumhesabia mtu chumvi. Sababu yake ilikuwa kwamba chumvi hakuna anayeila kwa uroho.

Siku moja foronya ya hoteli iliingia kwenye mfuko wake pamoja na nguo zake za kazi. Aliigundua akiwa nyumbani, siku ya mapumziko. Alipanda treni, kisha basi, akairudisha ikiwa imekunjwa kona kwa kona. Msimamizi alicheka, akamwambia angeweza kuibakiza tu. Katekista hakucheka. Kisa hicho tulikijua wote kwa sababu alitusimulia yeye mwenyewe, mara nyingi kidogo kuliko ilivyofaa. Alipenda kuwa mwaminifu, na alipenda pia tujue.

Alipofundisha amri ya saba, ile ya usiibe, mfano wake ulikuwa kuku. Mtu ameiba kuku wa jirani, manyoya yameonekana jikoni, jirani ameuliza, mwizi amesema kuku alikuja mwenyewe. Kambini mfano ulikuwa kuku. Dallas, kwa watoto ambao kuku walimjua akiwa ndani ya boksi la karatasi, ulibaki kuku. Watoto walikuwa wakimwambia, "Babu, not the chicken again." Aliendelea. Mimi niliketi katika mafundisho yake utotoni na baadaye nikampeleka mwanangu, na sikuwahi kumsikia akitoa mfano wa shamba. Watu wa kilima wana mifano ya shamba kwa kila kitu.

Na kilima alikijua. Mimi kwetu sikujui. Wazazi wangu walikufa kambini kabla sijafikia umri wa kuuliza, kwa hiyo niliyajua maisha ya kilima kutoka kwake, kama mtu anavyojifunza nchi kwa kitabu. Alinieleza kwamba ardhi ya baba hugawanywa kwa wana kwa vipande virefu, kutoka mgongoni mpaka bondeni, ili kila mmoja apate kidogo cha kila aina: juu mihogo, katikati migomba iliyozunguka nyumba na kuishi kwa samadi, chini bonde lenye unyevu ambako maharagwe hustawi hata kiangazi. Alinieleza kwamba binti aliyerudi kutoka kwa mume hupewa sehemu ya kulima, lakini si ya kuuza. Mpaka ni mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe usio na majani ya maana, ambao kijiti chake ukikichomeka popote kinaota. Karatasi kule ni jambo la juzi tu. Watu waliishi kwa mnyaa, na mtu akijenga, anajenga ndani ya mnyaa wake bila kuuliza ofisi yoyote.

Kosa letu lilianzia hapo. Watoto wa Katekista na baadhi yetu tuliotoka naye kambini tulikuwa tumechanga kwa muda mrefu kujenga nyumba kule. Mtoto wa mdogo wake, aliyerudi Burundi zamani, ndiye aliyeisimamia. Jina lake ni Salvatori. Ingekuwa nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo yeyote kati yetu angefikia akienda. Mimi si ndugu yao, lakini Katekista alinishika bega siku ya mchango wa kwanza, akasema, "Kijana wangu, wewe huna kilima. Chumba cha upande wa bonde ni chako." Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, nikifanya kazi ghalani Grand Prairie, na niliondoka pale nikiwa na furaha ya mtoto. Tuliamua kutafuta hati ya ardhi wakati kuta zilikuwa zimeshafika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Mtu wa mahali pengine angeanza na hati. Sisi tuliutazama mnyaa, tukaleta matofali.

Nina tabia ya kuchunguza vitu. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma maelekezo ya mashine, na kusoma ramani nilijifunza mwenyewe. Nilikitafuta kilima chao kwenye picha za setilaiti na kukipata. Mstari wa mnyaa ulishuka wima kutoka mgongoni, kisha chini ya nusu ukapinda kama goti kuelekea kwa jirani, ukaenda hivyo mpaka bondeni. Kuta za nyumba yetu zilikuwa ndani ya lile goti. Nilimwonyesha Katekista.

"Kwa nini umepinda hapa?"

Aliitazama picha, akanirudishia simu. "Kilima si daftari," akasema. "Hakichorwi kwa rula."

Jibu lilinitosha, kwa sababu lilikuwa lake.

Sasa nieleze bustani. Nyuma ya parokia yetu kuna uwanja ambao wazee wamegawiwa vipande vidogo vya kulima. Katekista alikuwa na kipande chake, na Mama Godeliva alipakana naye. Mama Godeliva ni mjane anayeishi mlango unaotazamana na wa Katekista, ngazi zilezile. Alizaliwa kwenye kilima kilekile, akakimbizwa akiwa mgongoni mwa mama yake. Ndugu yake mdogo, aliyezaliwa kambini, alirudi Burundi na kulima shamba la baba yao, ambalo linapakana na la kina Katekista. Walikuwa majirani mara tatu: kilimani, kambini, na Dallas mlango kwa mlango.

Katekista alilima kipande chake chote isipokuwa ukanda mmoja, upande wa Mama Godeliva, wenye upana wa jembe na mpini wake. Hapo hakupanda kitu. Alipalilia tu.

"Katekista, hapo unamlimia nani? Shetani?" Mama Godeliva alimuuliza mbele yetu.

"Niache, mama. Nataka pa kupitia."

"Pa kupitia kwenda wapi? Kwangu? Bisha hodi basi!"

Tulicheka. Maboga ya Mama Godeliva yalitambaa mpaka kwenye ukanda ule kila mwaka. Katekista, aliyeweza kumkemea mtoto kwa kukanyaga jani moja la mchicha, aliyazungukia yale maboga kwa jembe taratibu na kuyaacha yazae. Mama Godeliva alidhani ni upole. Mimi nilidhani ni uzee.

Basi, turudi kwenye simu.

"Baba mkubwa, mnatuona?" Salvatori aliuliza.

"Tunaona kidole chako," Mama Godeliva akajibu. "Kitoe kwenye kamera, mtoto wewe."

Kidole kikatoka, kilima kikaonekana, na sebule nzima ikatoa sauti moja. Ndugu yake Mama Godeliva alikuwepo kule, amesimama upande wake wa mnyaa kama jirani anayepakana, akatupungia kofia. Karibu na mguu wake kulikuwa na chungu cha pombe ya ndizi chenye mirija. Kwao mpaka hushuhudiwa kwa kinywaji. Anayekubali kwamba mpaka ni huu hunywa, na aliyekunywa hawezi kesho kusema hakuwepo. Ndugu yake Mama Godeliva alikuwa ameshakunywa. Kwa kuwa Katekista hakuweza kuufikia mrija ule, tuliamua wenyewe, kwa utani na kwa kweli, kwamba soda itafaa. Mama Godeliva aliifungua kwa mkono wake, soda ya chungwa, akaiweka mbele ya Katekista.

Afisa aliuliza, "Mzee, mnyaa huu ndio mpaka wenu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu baba."

Wakaanza kushuka. Salvatori aliishika simu mbele yake, na tukaona mnyaa ukipita upande wa kushoto, mrefu na mzito. Ulipofika pale panapopinda, nilimtazama Katekista. Hakunitazama. Zikaja kuta zetu, nyekundu, nzuri, na watu wakapiga makofi. Kisha picha ikatikisika, na Salvatori akalaani.

"Mawe haya! Matatu, yamekaa hapa chini, yananivunja vidole kila siku. Nitayang'oa niyaweke kwenye ngazi."

Aliyaelekezea simu. Yalikuwa mawe meusi, yamezama nusu kwenye udongo, yameelekeana.

"Haya," afisa akasema, "mashahidi wote wamekunywa. Mzee na wewe?"

"Anywe, anywe twende tukale," alisema Mama Godeliva. "Katekista, soda inapata moto."

Alichukua chupa. Aliifikisha karibu na mdomo. Akairudisha mezani.

"Zima," akaniambia.

Nikakata simu.

"Mtandao?" mtu mmoja akauliza.

"Si mtandao." Alimgeukia Mama Godeliva. "Yale ni mafiga ya mama yako. Alipikia pale msimu wa kulinda mtama."

"Mafiga gani? Si yapo upande wenu yale?"

"Yapo upande wenu. Mnyaa ndio ulihama."

Akaeleza akitazama meza. Kina Mama Godeliva walikimbia kwanza. Wiki hiyohiyo yeye na baba yake waliung'oa mnyaa kutoka nusu ya mteremko mpaka bondeni na kuuchomeka ndani ya shamba la waliokimbia, ili wapate kipande kizuri cha bonde. Baba yake alichimba, yeye akawa anashika vijiti. Kabla ya mnyaa kushika mizizi vizuri, nao wakakimbia.

"Hatukula hata punje," akasema.

Labda alifikiri hilo lingepunguza kitu. Nililisikia na nikaona aibu kwa niaba yake, kwa sababu lilikuwa jibu la mtoto aliyekutwa na kuku.

Mama Godeliva hakupiga kelele. "Amri ya saba nilifundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Ukanipa mfano wa kuku."

"Ndiyo."

"Nikiwa na miguu mitupu, nimekaa chini mbele yako, mama yangu analima vibarua kwa Watanzania. Ukaniambia habari za kuku."

Binti yake Katekista, ambaye ni muuguzi na alikuwa amekuja kutoka Pearland, karibu na Houston, alisogea katikati yao. "Baba, nyamaza kwanza. Wale wa ofisi wako pale leo tu. Nyumba imefika kwenye linta. Sisi wenyewe tutaongea na Mama, tutampa kitu."

"Mtanipa kitu?" Mama Godeliva akasema. "Kwani nimekuja kuomba?"

Ndipo mimi nikafungua mdomo. Nilisema, "Na pesa je?"

Mama Godeliva alinitazama. Alinitazama tu, na akaondoa macho. Nimejaribu tangu siku hiyo kukumbuka kama kuna mtu mwingine aliyesema neno baya kuliko lile, na hakuna.

Katekista alisimama. Alivua koti la suti, akalikunja kona kwa kona kama shuka, akaliweka juu ya kiti. "Kijana wangu, piga."

"Baba!" binti yake akasema.

"Piga."

Nilishika simu bila kubonyeza. Chumba cha upande wa bonde kilikuwa ndani ya kidole changu. Alininyooshea mkono wake mpana, akaninyang'anya simu bila nguvu, akabonyeza mwenyewe. Kwa sauti ya kusomea Injili aliwaambia watu wa tarafa kwamba amesema uongo, kwamba mpaka wa kweli unashuka wima na kupita mbali na yale mafiga, upande wa kina Katekista, na kwamba nyumba iko kwenye shamba la jirani. Alirudia mara mbili kwa sababu upepo ulivuma kwenye simu.

Kisha tukamsikia Salvatori. "Baba mkubwa, wamekulisha nini huko Amerika? Umetuvua nguo mbele ya tarafa!"

Ndugu yake Mama Godeliva alikuwa bado na kofia mkononi. Alionekana kama mtu aliyepewa mzigo na hajui auweke wapi.

Watu waliondoka mmoja mmoja, na wali ukabaki jikoni. Soda ilibaki mezani vilevile. Mama Godeliva aliichukua, akaimwaga kwenye sinki, akatoka.

Baada ya hapo Katekista alimwomba padri ampumzishe kazi ya kufundisha. Binti yake alieneza maneno kwamba mzee amechoka kichwa, amechanganya mambo, na wengi walilipokea neno hilo kwa shukrani kwa sababu lilitupunguzia sote aibu. Lakini yeye hakulikubali. Alipita milango ya jengo lile, ya Warundi na ya Wakongo, akasema, "Akili yangu ni nzima. Nilichosema ni hivyo hivyo." Wengine hawakumfungulia. Kwenye mlango unaoelekeana na wake hakubisha hodi. Kwenye bustani kipande chake kiliota majani, na Mama Godeliva aliendelea kupalilia maboga yake mpaka pale alipokuwa akipalilia siku zote, si zaidi.

Kisha binti yake akamhamishia kwake Pearland. Nilikaa bila kumwona karibu mwaka mzima. Nilijiambia ni mbali.

Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinama. Amekonda, na mikono ilionekana mipana zaidi. Alikuwa amepanda maharagwe kwenye uwanja wa nyuma, mistari minyoofu, na kando ya uzio wa mbao wa jirani ameacha ukanda mtupu, safi, umepaliliwa.

"Jirani ananiona mgonjwa," alisema kabla ya salamu kwisha. "Alikuja kumwambia binti yangu, mwambie baba yako anaweza kupanda mpaka kwenye uzio, hapo ni penu. Nikamwambia najua."

"Akasemaje?"

"Ameleta nyanya. Anafikiri tuna njaa."

Tuliketi kwenye viti vya plastiki. Hakuvaa koti. Hakusali kabla ya chai, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na alipoona nimegundua alishusha macho kwenye kikombe.

"Godeliva hajambo?"

"Hajambo."

"Amenitaja?"

Ningeweza kumpa maneno matamu. "Nilimwambia nakuja," nikasema. "Akasema nikuambie mdogo wake amefungia ndama ndani ya zile kuta. Na nikuambie kuta hatazilipia, hakukuomba umjengee."

Katekista alicheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile cha karata akishinda, kisha akakikata ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba ameshika kitu kisicho chake.

"Amesema vizuri," akasema. Baadaye akauliza, "Na chumba chako?"

"Kina ndama."

"Cha upande wa bonde?"

"Cha upande wa bonde."

Alisugua magoti. Ng'ambo ya uzio mtu alikuwa anakata nyasi, na tulisubiri mashine ipite.

"Hakuna anayetaka kuniambia pesa zilikuwa ngapi," akasema. "Binti yangu ananyamaza. Wanangu wananyamaza. Wananihurumia, na mimi sitaki kuhurumiwa kwa kitu nisichokijua. Wewe unajua hesabu. Wewe uliuliza."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiomba. Nikamhesabia: matofali, saruji, mchanga, mawe ya msingi, ujira wa mafundi, na nauli za Salvatori. Mabati hayakuwa yamenunuliwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikirudia kila kitu baada yangu kama nilivyorudia mimi herufi zake kambini, na nilipofika mwisho akaniambia niseme jumla tena, polepole, kwa sauti ambayo jirani angeweza kusikia. Nikasema: dola elfu kumi na nne, mia sita na thelathini.